Historia fupi ya menyu inayojifungua yenyewe: kutoka Windows 95 hadi M-Pesa ya Kibera na Kawangware

Haya, leo tuongee historia kidogo. Kama umewahi kuandika skripti ya kuendesha programu za kompyuta badala ya mkono wako, unajua tayari mahali panaposumbua. Kubonyeza kitufe ni rahisi. Kujaza kisanduku ni rahisi. Kazi huanza pale unapotaka kuchagua kitu kilichojificha kwenye menyu iliyo ndani ya menyu nyingine. Kitu chenyewe hakipo kwenye skrini mpaka menyu iliyokitangulia ifunguke, na hiyo nayo haifunguki mpaka kipanya kiikalie kwa muda. Skripti inakimbia, menyu inajivuta, na mbofyo unaangukia pasipo na kitu.

Wengi huliona hili kuwa tatizo dogo la kiufundi, la kumalizwa kwa kuongeza nusu sekunde ya kusubiri. Mimi naona lina historia nzuri sana, na sehemu yake yenye uzito zaidi haikutokea Marekani. Ilitokea hapa Nairobi, kwenye simu za watu wa mitaa kama Kibera na Kawangware, na iligusa pesa zao.

Kabla hatujaenda mbali tuelewane kwa maneno mawili, maana nitayatumia hadi mwisho: njia na anwani. Mtu akikuelekeza nyumbani kwake Kibera atakwambia: shuka Olympic, fuata barabara, ukifika pale kwa mwenye mandazi ukate kushoto, halafu uulize. Hiyo ni njia. Inafanya kazi vizuri mpaka siku mwenye mandazi anapohama. Mwaka 2009 vijana wa mradi wa Map Kibera walipoanza kuichora Kibera kwenye OpenStreetMap, eneo ambalo ramani nyingi zilikuwa zimeliacha karibu tupu, nyumba na visima na shule zikaanza kupata nukta zake zenyewe. Hiyo ni anwani. Menyu ya ndani ni njia. Swali la mwandishi wa skripti siku zote ni hili: amri ninayoitaka ina anwani, au nitalazimika kupita kwa mwenye mandazi kila mara?

MENYU NDANI YA MENYU ZILITOKA WAPI

Menyu za kuvuta kutoka juu ya skrini zilifika sokoni na kompyuta ya Lisa ya Apple mwaka 1983, zikajulikana zaidi na Macintosh ya Januari 1984. Mwanzoni zilikuwa za ngazi moja tu. Programu zilipokua na amri zikaongezeka, ngazi moja haikutosha, na mwaka 1987 Macintosh ikapata menyu zinazofungua menyu nyingine kwa ubavuni.

Hapo ndipo usumbufu wa kwanza ulipozaliwa. Mkono wa binadamu haupendi pembe mraba. Menyu ya ndani ikifunguka kulia, sisi huivuta panya kimshazari kuielekea, na katika safari hiyo tunapita juu ya kitu kingine cha menyu ya kwanza. Kompyuta isiyo na subira itadhani umebadilisha nia, itaifunga ile uliyokuwa unaifuata na kufungua nyingine. Bruce Tognazzini, aliyekuwa mbunifu pale Apple, ameeleza kwamba walilitatua kwa kuweka eneo la huruma lenye umbo la V iliyolala ubavuni: ukiwa ndani ya eneo hilo na unaelekea kwenye menyu ya ndani, haifungwi.

Microsoft walichukua dawa nyingine, ya muda. Windows 95 ilitoka tarehe 24 Agosti 1995 ikiwa na kitufe cha Start na menyu za ndani kwa ndani. Menyu ya ndani hufunguka kipanya kikiikalia kwa muda fulani, na muda huo umeandikwa kwenye rejista kwa jina MenuShowDelay. Thamani yake ya kawaida ni 400, yaani milisekunde 400. Mafundi waliogundua namba hiyo walikuwa wakiishusha hadi karibu na sifuri ili mashine kuukuu ionekane ina kasi. Mashine haikuongezeka nguvu hata kidogo. Menyu tu iliacha kumsubiri mtu.

Basi ukiona skripti ya zamani imejaa mistari ya Sleep 500, usimcheke aliyeandika. Alikuwa anaisubiri ile 400.

NJIA TATU ZA SKRIPTI

Skripti za kuendesha Windows zilienea sana baada ya Jonathan Bennett kutoa AutoIt mwaka 1999. Mwaka 2003 Chris Mallett akatoa AutoHotkey. Zote mbili zilikuwa za bure na ndogo, hata kwenye flashi zilikaa bila shida. Kwa zana hizi kuna njia tatu za kufungua menyu ya ndani, na kila moja inasema kitu kuhusu njia na anwani.

Ya kwanza ni kuigiza mkono. Unasogeza kipanya hadi kwenye menyu, unasubiri, unakisogeza kulia kwanza bila kushuka, halafu ndipo unashuka hadi kwenye kitu unachotaka. Ukikosea mpangilio huo unapita juu ya jirani na menyu inafungwa. Ukibadilisha ukubwa wa skrini, kila kitu kinaharibika. Hii ni njia tupu, haina anwani hata kidogo.

Ya pili ni kibodi. Alt na herufi iliyopigiwa mstari, kisha herufi inayofuata. Hapa husubiri kipanya kikae, kwa hiyo ni haraka na haijali ukubwa wa skrini. Lakini herufi hutegemea lugha, na hilo tutalirudia sasa hivi.

Ya tatu ndiyo tamu. Kwenye menyu za kawaida za Windows, kila kitu cha menyu kina namba aliyoipa mtengenezaji wa programu. Mtu anapochagua, Windows huipelekea programu ujumbe uitwao WM_COMMAND wenye namba hiyo. Ujumbe huo wenyewe hauiambii programu kama menyu ilifunguka au haikufunguka. Programu inapokea namba, inafanya kazi. Kwa hiyo skripti inaweza kuiruka menyu nzima. Kwenye AutoHotkey ya zamani uliandika mstari mmoja:

WinMenuSelectItem, ahk_class Notepad,, 1&, 2&

Maana yake: kwenye Notepad, menyu ya kwanza, kitu cha pili. Kwenye Notepad ya Windows XP hiyo ilikuwa ni kufungua faili. Hakuna kilichoonekana kufunguka isipokuwa dirisha ulilolitaka.

Angalia kwamba nimetumia nafasi, 1& na 2&, badala ya maneno. Sababu ni lugha. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kwa msomaji wa Kiswahili ilikuwa furaha. Kwa skripti iliyokuwa ikitafuta neno File, neno hilo halikuwepo tena, na herufi ya Alt nayo huweza kuhama. Tena OpenOffice ilichora menyu zake yenyewe, hivyo WinMenuSelectItem haikuziona kabisa.

Lakini watengenezaji wa OpenOffice walikuwa wameacha mlango mzuri zaidi. Ndani ya programu, kila amri ilikuwa na jina lisilobadilika: .uno:Print, .uno:SaveAs na kadhalika. Menyu iwe ya Kiingereza, Kiswahili au Kifaransa, jina lile ni lile. Hiyo sasa ndiyo anwani kamili. Mtumiaji anapata njia kwa lugha yake, skripti inapata anwani isiyohama, na hakuna anayemharibia mwenzake.

WIKI TANO ZA MWAKA 2007

Tarehe 30 Januari 2007 Microsoft waliuza Office 2007 kwa umma. Word na Excel zikaacha menyu na kuweka utepe wa vitufe juu. Skripti zilizokuwa zikitumia amri ile ya mstari mmoja zilifika pale zikakuta hakuna menyu ya kuchagua. Ofisi nyingi duniani zilibaki na Office ya zamani kwa miaka kadhaa, na skripti zao zikiwa moja ya sababu.

Wiki 5 baadaye, tarehe 6 Machi 2007, Safaricom ikazindua M-Pesa. Dunia ya kompyuta za mezani ilikuwa inaondoa menyu za ndani, na Kenya ndiyo kwanza inaanza kuweka pesa zake ndani ya menyu za ndani. Wakati huo hakuna aliyeviona vitu hivyo viwili kuwa vinahusiana, lakini kwa mwandishi wa skripti ni hadithi moja.

M-Pesa ya mwanzo iliishi ndani ya laini yenyewe. Teknolojia yake inaitwa SIM Toolkit, na kanuni zake ziliandikwa kwenye hati ya GSM 11.14. Kadi ndogo ya laini inaiambia simu: onyesha menyu hii, uliza namba hii, pokea jibu hili. Ndiyo maana iliendeshwa hata na simu ya mulika mwizi, isiyo na intaneti. Ndiyo maana pia mwenye laini ya zamani isiyo na menyu hiyo ilimbidi abadilishe laini kwanza. Njia yenyewe kila Mkenya anaijua kwa kichwa: menyu ya simu, Safaricom, M-PESA, Tuma pesa, namba ya mpokeaji, kiasi, PIN, kisha kuhakikisha.

Kauli ya tangazo ilikuwa kutuma pesa nyumbani, na Kibera na Kawangware ndiko waliko watu wenye nyumbani kwingine. Wakazi wengi wa mitaa hiyo wana mizizi magharibi mwa Kenya. Kabla ya hapo pesa zilipanda basi na dereva, au zikasubiri ndugu anayesafiri. Mtafiti Olga Morawczynski alikaa akifuatilia matumizi ya M-Pesa kuanzia 2007 hadi 2008 sehemu mbili: Kibera na Bukura, kijiji cha magharibi. Alichagua vizuri, maana upande mmoja wanatuma, upande wa pili wanapokea. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipolipuka mwanzoni mwa 2008, maduka yakafungwa na watu wakakwama mitaani, aliandika kwamba M-Pesa ilikuwa mojawapo ya njia chache za kuwafikishia pesa na kredo. Kwa hiyo tunapoongea menyu ya ndani hapa, hatuongei urembo wa skrini. Kulikuwa na watu ambao chakula chao kilikuwa ngazi ya tatu ya menyu.

VIDOLE VILIVYOKUWA SKRIPTI

Cha kufurahisha ni kwamba watumiaji wa simu za Nokia walikuwa tayari wanajua hila ya anwani. Kwenye Nokia za aina ya 3310, kila menyu ilikuwa na namba yake iliyoonekana pembeni juu. Ukibonyeza Menu kisha ukaandika namba haraka haraka, simu iliruka moja kwa moja hadi menyu ya ndani bila kuonyesha zilizotangulia. Kijana aliyebadilisha mlio wa simu huku anakuangalia usoni alikuwa anaendesha skripti kwa kidole gumba.

Upande wa mtandao kulikuwa na USSD, zile namba za nyota na reli. *144# ilikuonyesha salio. *140*50* ikifuatwa na namba ya rafiki na reli, ilimsambazia kredo ya shilingi 50. Tazama umbo lake: kila nyota ni ngazi. Badala ya kufungua menyu, kuchagua sambaza, kuandika kiasi na kuandika namba, unaandika safari nzima kwa mstari mmoja. Ni WinMenuSelectItem ya mtu wa kawaida, na watu waliiandika kwenye kuta za vibanda bila kuhitaji digrii.

Tanzania walichukua mlango huu. Vodacom ilipozindua M-Pesa yake mwaka 2008, mteja aliifikia kwa *150*00#, juu ya USSD. Huduma jina moja, mlango tofauti. Kenya tulibaki na menyu ya kwenye laini kwa muda mrefu, na ni baadaye tu Safaricom ilipoongeza *334#.

Tofauti hiyo ina faida na hasara pande zote. Menyu ya laini haikatiki katikati, maana unaandika yote ndani ya simu yako kisha inatumwa. USSD ni mazungumzo ya moja kwa moja na mtandao, na ukichelewa kujibu yanafungwa. Lakini menyu ya laini haina anwani. Huwezi kuandika mstari ukutani utakaomfikisha mtu kwenye Tuma pesa. Lazima apite kila ngazi. Asiyesoma vizuri hukariri nafasi: chini mara moja, sawa, chini mara mbili, sawa. Halafu huduma zikaongezeka: kulipa bili, M-Shwari Novemba 2012, Lipa na M-Pesa 2013. Kila kitu kipya kikiingia kwenye orodha, nafasi zinaweza kuhama, na aliyekariri anafika mahali pengine. Ni ajali ile ile ya mwenye mandazi kuhama, isipokuwa safari hii ulichoshika mkononi ni karo ya mtoto.

WAANDISHI WA PROGRAMU NAO WALIPITA NJIA HIYO HIYO

Sasa fikiria wewe ni mwenye duka, unataka kompyuta yako ijue mteja amelipa. Mwaka 2010 ungefanyaje? Hakukuwa na API ya wazi, yaani mlango wa programu kuzungumza na programu. Kilichokuwepo ni simu au modemu iliyounganishwa na kompyuta kwa waya.

Kwa USSD kuna amri ya kawaida ya modemu. Unaandika:

AT+CUSD=1,"*144#"

Mtandao unajibu kwa mstari unaoanza na +CUSD: na namba. Ikiwa namba ni 0, mazungumzo yamekwisha. Ikiwa ni 1, kuna menyu inayosubiri jibu, na unaituma ngazi inayofuata kwa amri ile ile: AT+CUSD=1,"2". Ukipata 2, mtandao umekata. Basi skripti yako inashuka menyu ngazi kwa ngazi, ikisoma maandishi kila mara kuhakikisha iko pale inapodhani iko. Hakuna panya wala milisekunde 400, lakini subira ni ile ile.

Kwa menyu ya laini, mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu kila mtengenezaji wa modemu alikuwa na amri zake. Wengi walikata tamaa na menyu wakasoma upande wa pili: ujumbe wa SMS wa kuthibitisha. Skripti ilisubiri ujumbe, ikaukata vipande, ikatoa jina, kiasi na namba ya muamala. Maneno ya ujumbe yakibadilishwa kidogo, skripti ilikufa.

Aprili 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani kuja Kenya, na kampuni zikaanza kupata API. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, mlango ambao mwandishi yeyote wa programu angeweza kujisajili na kujaribu. Jina halikukosewa.

MENYU INAFUNGULIWA NA MWINGINE

Ndani ya Daraja kuna kitu ambacho kila mtu mjini sasa anakijua hata kama hajui jina lake: STK Push. Duka linatuma ombi lenye namba ya simu yako, kiasi na namba ya biashara. Seva za Safaricom zinaiamsha laini yako. Simu yako, bila wewe kugusa chochote, inafungua ile hatua ya mwisho kabisa ya menyu: Unataka kumlipa fulani kiasi fulani? Weka PIN.

Simama hapo kidogo, maana hii ndiyo menyu ya ndani inayojifungua yenyewe, ile niliyoitaja kwenye kichwa cha habari. Ngazi zote zimerukwa: Safaricom, M-PESA, Lipa, namba, kiasi. Mteja wa duka la vipuri Kawangware hahitaji kukariri chochote. Na skripti ya mwenye duka inarudishiwa jibu kwa namba: 0 amelipa, 1 hana salio la kutosha, 1032 amekataa, 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Ukilinganisha na kukata SMS vipande, ni mbingu na ardhi.

Hata hivyo, njia haikupotea kabisa. Laini za zamani zilishindwa kuonyesha ombi hilo, na dawa iliyotolewa ilikuwa kupiga *234*1*6# ili laini isasishwe. Yaani ili menyu ijifungue yenyewe, kwanza pita nyota tatu kwa mkono.

Lakini angalia kilichogeuka. Kwenye Windows, skripti ilikuwa yangu, menyu yangu, kompyuta yangu. Hapa skripti ni ya mwenye duka na menyu inayofunguka ni ya mteja. Mwaka 2007 hakuna aliyeweza kufungua M-Pesa yako isipokuwa wewe. Leo yeyote mwenye namba ya biashara na ruhusa anaweza kuifungua hadi mlangoni, na kilichobaki mikononi mwako ni mambo mawili: kusoma jina na kiasi, na PIN. Ile njia ndefu iliyokuwa ikituchosha ilikuwa pia inatupa muda wa kufikiri. Ukiandika namba mwenyewe na kiasi mwenyewe, unajua unachofanya. Ukiletewa dirisha ukiwa na haraka ya kushuka matatu ya 46, kidole kinaweza kutangulia macho.

WAUZA BANDO

Historia haikuishia kwa API. Miaka ya karibuni mitaani kumejaa biashara ya kuuza bando za intaneti kwa simu. Mteja analipa kwa M-Pesa, muuzaji anapiga namba ya USSD, anachagua menyu, anaandika namba ya mteja, bando linaingia. Ukiwa na wateja 10 kwa siku unafanya kwa mkono. Ukiwa na 200, usiku hulali.

Basi zikaja programu za Android za kufanya hivyo zenyewe. Inasoma SMS ya malipo, inajua kiasi, inapiga USSD na kujibu menyu zote. Kiufundi inavutia. Android 8 ya mwaka 2017 iliruhusu programu kutuma ombi la USSD na kupokea jibu, lakini jibu moja tu, haikuweka njia ya kushuka menyu za ndani. Kwa hiyo watengenezaji wanatumia huduma za Android za kuwasaidia watu wenye ulemavu, zile zinazomsomea skrini asiyeona. Huduma hiyo ina haki ya kusoma kila kilicho kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba ya mtu.

Si mara ya kwanza. Microsoft nao walijenga UI Automation, iliyokuja na Windows Vista, kwanza kwa ajili ya visoma skrini, na ndani yake kuna amri ya kuiambia menyu ijifungue bila kipanya. Skripti za kisasa za Windows zinapita humo. Mara nyingi mlango uliojengwa kwa ajili ya asiyeona ndio unaokuwa mlango wa skripti, kwa sababu wote wawili wanahitaji kitu kimoja: amri iwe na jina, si picha tu.

Tofauti ni hatari yake. Programu inayoweza kujibu menyu ya bando inaweza pia kujibu menyu ya Tuma pesa. Na nimeona zinazomwomba muuzaji aandike PIN yake ndani ili kazi iende bila yeye. Hapo ndipo mimi nasema hapana. Kijana wa Kawangware aliyeweka mtaji wake wote kwenye laini hiyo amempa mtu asiyemjua njia nzima, kutoka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna dirisha litakaloonekana pesa zikiondoka.

TUNAJIFUNZA NINI

Kwa anayeandika skripti, iwe ya kompyuta ya saiba au ya simu, mimi nafuata mambo manne.

Kwanza tafuta anwani kabla ya njia. Uliza kama kuna amri yenye jina, API, namba ya moja kwa moja. Kuigiza kidole kuwe ndiyo suluhisho la mwisho.

Pili, ukilazimika kupita njia, usihesabu sekunde. Subiri kitu unachokitaka kionekane, soma kilichoandikwa, kisha ndipo ujibu. Sleep 500 haijui kama mashine imechoka au mtandao wa Laini Saba leo uko chini.

Tatu, ukiwa ndiwe unayejenga menyu, ipe kila amri jina lisilohama, kisha tafsiri unavyotaka. Kilinux walitupa Kiswahili juu ya skrini bila .uno:Print kubadilika chini yake. Inawezekana.

Nne, na hili ndilo kubwa: ruka ngazi zote utakazo, ila ile ya mwisho umwachie mwenyewe. Mashine ikusanye namba na kiasi, ifungue menyu, ilete jina la anayelipwa kwa herufi kubwa na kwa lugha anayoielewa. Kukubali iwe kazi ya mtu. Watu wa Kibera walioanza na M-Pesa mwaka 2007 walibonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na mibonyezo mingi ile tumefanya vizuri kuiondoa. Ule mmoja wa PIN haukuwa wa kupoteza muda.

Kwa leo tuishie hapo.